Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: Ni kweli kabisa, chanzo ni nyumbani

Kwako Mheshimiwa Sana,

Shikamoo. Najua wapo watakaoshangaa mwanamke mzee kumwamkia hivyo mtu ambaye angeweza kumzaa, na bado akabaki na nguvu za kumzalia wadogo wawili. Lakini cheo hakiulizwi umri, nasi huku Kahama tumefunzwa adabu. Marahaba nitajiitikia mwenyewe ili nisikupotezee muda.

Cheo chako sikitaji. Si dharau, Mungu apishe mbali. Ni kwamba vyeo vya waheshimiwa hubadilika kabla barua haijafika, na nisingependa hii ifunguliwe na mtu asiyehusika. Utajijua mwenyewe. Ni wewe uliyetembelea shule moja ya msingi huku kwetu, ambayo nayo sitaitaja, ukakaa dakika kumi na nane. Nilihesabu. Miaka 31 ya kufundisha darasa la kwanza humwachia mtu ugonjwa wa kuhesabu.

YAH: MTOTO ASIYETULIA

Ulifika saa saba kasoro robo. Watoto walikuwa wamesimama tangu saa mbili asubuhi, wamepangwa kwa urefu, wale wa awali mbele, kila mmoja na kibendera cha karatasi. Silalamiki. Msafara haukimbii kama bodaboda, na vumbi la barabara yetu lina taratibu zake. Nataka tu ujue kwamba Mabula, mwenye miaka sita, alidumu kwenye mstari ule karibu saa tano, jambo ambalo mimi niliyemfundisha sikulitegemea. (Jina la Mabula nimempa kwa ajili ya barua hii. Huku Usukumani hupewa mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha, na Mabula ni wengi kiasi kwamba hakuna atakayemtambua.)

Ndipo alipoiona antena ya gari la mbele ikitikisika. Akatoka mstarini, akaivuta hadi chini, akaiachia ili aone itakavyocheza. Askari akamkamata sikio. Ukacheka, ukasimamisha hotuba, ukauliza kwenye kipaza sauti: "Huyu mama yake yuko wapi?"

Uwanja mzima ulicheka nawe. Kisha ukasema maneno ambayo yamenifanya nishike kalamu: kwamba watoto wa siku hizi hawatulii kwa sababu wazazi hawalei, kwamba samaki mkunje angali mbichi, na kwamba chanzo ni nyumbani. Nilipiga makofi. Nilipiga kwa dhati, mpaka mwalimu mkuu akageuka kunitazama. Ulipoondoka, risala yake ilikuwa ukurasa wa pili kati ya nne.

Kwa hiyo nakuandikia kukuunga mkono. Chanzo ni nyumbani. Nimefundisha Geita, nimefundisha Kahama, na ungeniuliza ningejibu hivyohivyo. Ombi langu dogo ni kwamba tuingie wote humo nyumbani, kwa kuwa siku ile muda haukutosha. Viatu usivue, sakafu ni ya udongo.

Kabla ya kuingia, niruhusu nimtofautishe mtoto ninayemsema. Mtoto mtundu mimi nampenda. Ndiye anayekumbuka kwamba mwalimu hakusahihisha madaftari. Huyu ni mwingine. Ukimwambia aandike "baba" ataandika "ba", kisha atasikia mbuzi. Penseli humpotea mara tatu kabla ya uji. Hujibu swali kabla hujalimaliza, na hujibu lile alilodhani utauliza. Hupita mbele ya foleni bila ubaya wowote, kana kwamba foleni haionekani. Ameanguka kwenye mwembe mmoja mara mbili, na mara zote mbili alikuwa anafuata kitu kilekile. Madaktari hawamhukumu mtoto kwa wiki moja ya fujo. Wanataka dalili ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, zionekane nyumbani na shuleni pia, zimeanza kabla hajafika miaka 12, na ziwe zimezidi zile za watoto wa umri wake. Kiswahili hakijampa jina moja tulilokubaliana. Tunamwita mtukutu, kichwa maji, mwenye mapepo. Siku hizi tumelipata neno usonji, nasi tunambandika kila mtoto anayetushinda, ilhali usonji ni jambo jingine kabisa.

Haki inanidai pia niseme neno linalopunguza makali ya hotuba yako, nawe unisamehe. Sehemu kubwa ya hali hii mtoto huja nayo. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba tofauti kati ya mtoto na mtoto katika jambo hili, kama robo tatu hivi, hutokana na kurithi. Nami sihitaji mapacha ili niamini, kwa kuwa baba yake Mabula nilimfundisha. Mwaka ule hakumaliza daftari hata moja. Leo akisikia kuna rashi ya dhahabu Rwamagasa, yuko Rwamagasa; wiki mbili baadaye Nyarugusu, kisha Mgusu, kisha Kakola. Duara, yaani shimo la dhahabu, likichelewa kutoa, analiacha. Huko maduarani hakuna anayemwita mgonjwa. Wanamwita mpambanaji, na mwenye duara humchukua yeye kabla ya aliyetulia. Kaskazini mwa Kenya, kwa Waariaal, watafiti walichapisha mwaka 2008 matokeo ambayo nayapenda sana. Walipima aina moja ya jeni ambayo kwingineko imehusishwa na kutotulia. Wanaume waliokuwa nayo na bado wanahamahama na mifugo walikuwa na miili iliyoshiba kuliko wenzao. Waliokuwa nayo wakahamia kukaa kijijini walikuwa wamekonda kuliko wenzao. Damu ni moja, kilichobadilika ni maisha.

Lakini kurithi hakujazi nyumba yote. Huko Minneapolis, Marekani, watafiti, mwanasaikolojia Alan Sroufe akiwa mmoja wao, walianza mwaka 1975 kuwafuata akina mama 267, wote maskini, wote wakitarajia mtoto wa kwanza. Mwaka 1995 wakaandika walichokiona: katika miaka ya mwanzo, namna mtoto alivyotunzwa ilitabiri kutawanyika kwa akili yake vizuri kuliko tabia aliyozaliwa nayo. Walikuwa wanatazama mambo madogo. Mama anamkatiza mtoto aliyezama kwenye jambo lake. Mtoto amekwisha kuchangamka kupita kiasi, badala ya kutulizwa anazidi kuchokonolewa. Mama hana mtu wa kumpa moyo. Na watoto wa Romania, wale waliopatikana kwenye vituo vya kulelea watoto baada ya serikali ya Ceaușescu kuanguka mwishoni mwa 1989, wengine walichukuliwa na familia njema za Uingereza, wakapewa kila kitu. Waliokuwa wamekaa kituoni zaidi ya miezi sita ndio walioendelea zaidi kusumbuliwa na kukosa umakini, hata walipokuwa watu wazima.

Unaona, Mheshimiwa, wazungu nao wanakuunga mkono. Sasa twende Kahama.

Nyumba ya kwanza ya Mabula haikupata namba katika zoezi la anwani za makazi, kwa kuwa ilikuwa tumbo la msichana wa miaka 16. Si ajabu kwetu. Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulikuta kwamba mkoani Shinyanga wasichana 34 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa tayari wamezaa au ni wajawazito. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti aolewe na miaka 15 kwa idhini ya wazazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba hilo linapingana na Katiba, ikatoa mwaka mmoja lirekebishwe. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 rufaa ikatupwa. Sina elimu ya sheria, najua kuhesabu tu, na mwaka ule mmoja ulikuwa mrefu sana.

Msichana yule alikuwa anakula pemba. Simaanishi kisiwa. Pemba ni vijiti vya udongo, vya kijivu, vinene kama kidole, vinapangwa sokoni mafungu mafungu karibu na dagaa. Ukikiuma kina ladha ya mvua ya kwanza. Mimi mwenyewe nilivila mimba yangu ya kwanza yote, na mume wangu alikuwa ananiletea kwenye mfuko wa shati akidhani ananifanyia hisani. Mwaka 2014 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya kwa wajawazito 340 wa maeneo ya wachimbaji wadogo Geita. Karibu nusu yao walikuwa wanakula udongo, na udongo huo ulipopimwa ulikuwa na madini mazito, aseniki ikiwemo. Ungetarajia nini kingine? Udongo wa mahali penye dhahabu haubebi dhahabu peke yake.

Sasa nikupeleke nyuma ya nyumba, kwa hisani yako, maana hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Siku moja nilikwenda kumtafuta mtoro. Mabula alikuwa na miezi minane hivi, yuko mgongoni kwa mama yake, amefungwa kwa kitenge. Mama ameinama juu ya jiko la mkaa. Mkononi ana kijiko cha kulia chakula, kijiko kile tunachonunua nusu dazani, na ndani yake kuna kidonge cheupe chenye ukubwa wa punje ya hindi. Siku nzima alikuwa mwaloni, yaani penye kuoshea dhahabu, akiosha marudio ya karasha, mabaki ya mawe yaliyosagwa na mashine hiyo, na jioni alimwaga zebaki kwenye beseni, akakanda kwa mkono mtupu, akakamua kwenye kitambaa, ikabaki punje ile. Sasa alikuwa anaichoma. Alipepea mkaa kwa mfuniko wa sufuria. Mtoto akawa anacheka kila upepo ulipompiga usoni. Mvuke wa zebaki hauonekani na haunuki, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kuogopa. Punje ikapoteza weupe, ikasinyaa, ikawa njano, ndogo kuliko jino la maziwa. Akaidondosha kwenye kipande cha karatasi, akanionyesha kwa furaha, nami nikamwambia hongera. Kisha akafuta kijiko kwa pindo la kitenge, akateleka uji juu ya mkaa uleule, akakoroga kwa kijiko kilekile.

Nilisema hongera, Mheshimiwa. Mwalimu mwenye cheti.

Nilikuja kujifunza baadaye. Mvuke ule huingia kwa pumzi, hufika kwenye ubongo, na kwa mjamzito huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Huko Minamata, Japani, ambako balaa la zebaki liligunduliwa mwaka 1956, sumu ilipita kwenye samaki, na kuna akina mama walioonekana wazima wakazaa watoto walioumia ubongo. Huku kwetu Umoja wa Mataifa uliwapima watu wa Rwamagasa miaka ya mwanzo ya 2000, ukawalinganisha na wa Katoro, na waliokuwa wakichoma walionekana kubeba zebaki na dalili zake. Elias Nyanza wa chuo cha Bugando, Mwanza, na wenzake waliwafuata wajawazito zaidi ya elfu moja wa kaskazini mwa Tanzania kati ya 2015 na 2017, kisha wakawapima baadhi ya watoto waliozaliwa. Kiasi cha zebaki kwenye damu ya mama kilikwenda pamoja na kuchelewa kwa ukuaji wa akili wa mtoto, lugha ikiwemo. Shirika la Human Rights Watch nalo lilizunguka machimbo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, likatoa ripoti mwaka 2013, likieleza jinsi watoto wenyewe wanavyoishika zebaki. Nchi yetu iliuridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Nina hakika mkataba ni mzuri. Kijiko hakijapata nakala.

Sisemi zebaki ndiyo iliyomtoa Mabula mstarini. Hakuna anayeweza kulisema hilo kuhusu mtoto mmoja, si mimi, na kwa heshima zote, si wewe pia.

Maana kuna mengine, nayo nitayapita haraka. Alizaliwa kabla ya wakati, na kuzaliwa njiti kunajulikana kuongeza uwezekano wa tatizo hili. Alipokuwa na miaka miwili alishikwa na degedege la malaria, akalala siku mbili bila fahamu. Hospitali ya Mulago, Kampala, watoto waliopona malaria ya ubongo walifuatiliwa, na baada ya miaka miwili mmoja kati ya wanne alikuwa amebaki na upungufu wa akili, hasa katika umakini. Tunashukuru Mungu kapona, huwa tunasema, na tunarudi nyumbani.

Nani alikuwa anamlea? Hili ndilo swali lako la uwanjani, nami nimelifikiria sana. Sheria ya ajira ya 2004 inampa mwanamke siku 84 za uzazi zenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ni sheria nzuri. Mama Mabula alirudi mwaloni siku ya kumi na tisa. Huko hakuna mwajiri, kuna beseni. Mlezi akawa mama mdogo wa Mabula, yaani mdogo wa mama yake, mwenye miaka minane, mwanafunzi wangu. Alikuwa anakuja naye darasani mgongoni, kwa hiyo mwaka ule nilikuwa na wanafunzi 141 na nusu. Mtoto akilia, anamtikisa. Akizidi, anampa kifuniko cha chupa. Akikipenda kifuniko, kengele inalia, kinanyang'anywa, tunatoka nje. Sikumbuki mara moja ambayo mtoto yule aliachwa amalize kukitazama kitu.

Kulikuwa na bibi, mama wa baba, mwanamke mwenye subira ya ajabu. Aliondoka usiku mmoja kwenda kwa binti yake Mwanza, baada ya majirani kuanza kuzungumza juu ya macho yake. Yalikuwa mekundu. Wewe ni mtu mzima, unajua Shinyanga macho mekundu ya kikongwe yamewahi kumaanisha nini: uchawi. Yalikuwa mekundu kwa sababu alipikia samadi kavu miaka arobaini, miti ikiwa imekwisha. Mabula alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Kwa hesabu yangu, siku hiyo alipoteza nusu ya nyumbani unakokusema.

Usingizi nao ni wa kuokoteza, maana chumba walichopanga kimepakana na karasha, na umeme ukikatika mchana karasha husaga usiku.

Sasa nikueleze kilichofuata baada ya msafara wako kuondoka. Mama Mabula hakuwepo uwanjani. Alikuwa mwaloni, na hilo ndilo jibu la swali lako. Jioni watu walimfikishia maneno yako, kila mmoja kwa sauti yake. Akakata fimbo ya mwarobaini. Ulitoa agizo saa saba mchana, saa moja jioni likawa limetekelezwa, tena kikamilifu. Sijui kama kuna agizo lako jingine wilayani lililopata bahati hiyo.

Naona ni uungwana nikutaarifu kuhusu fimbo pia. Mwaka 2014 Tobias Hecker na wenzake walichapisha mahojiano na watoto 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania. Karibu wote walikuwa wamechapwa, nyumbani na shuleni. Waliochapwa zaidi nyumbani ndio walioonyesha zaidi matatizo ya tabia. Unaweza kuniuliza kipi kilitangulia, fimbo au tabia, na ni swali la haki. Mimi nilichapa miaka mingi. Nilichokiona ni kwamba mtoto wa namna hii hukaa kimya dakika nne baada ya kiboko, kisha hupotewa na penseli. Madaktari wa watoto wa Marekani, wenye dawa za kila aina kabatini, katika mwongozo wao wa 2019 wanasema mtoto wa miaka minne au mitano asianze na dawa: waanze wazazi kufundishwa namna ya kukaa naye. Maagizo mafupi, moja kwa wakati mmoja. Asifiwe papo hapo akimaliza hata kidogo. Saa za kulala zisibadilike. Ni mambo rahisi kwa mtu aliyepo nyumbani saa za kulala.

Katika kusoma dalili hizi usiku, Mheshimiwa, lilinijia wazo la utovu wa adabu, nami nakiri kwako kama kwa padri. Dalili: huanza shughuli na kuiacha kabla haijaisha. Likanijia boma la zahanati yetu, lililofika kwenye lenta, ambamo sasa umeota mpapai unaozaa. Dalili: hupoteza vitu vinavyohitajika kwa kazi. Nikakumbuka barua ya kamati ya shule, tuliyoambiwa mara tatu kwamba haikufika. Dalili: huwakatiza wengine wakizungumza. Risala, ukurasa wa pili. Dalili: hushindwa kusubiri zamu yake. Nikasikia king'ora. Nikafunga kitabu haraka na kuomba toba. Na hata kama ingekuwa hivyo, nisingependa uchapwe. Ningependa kwanza tujue huko mlikotoka mlilelewaje, mlipewa muda wa kumaliza jambo gani.

Najua mipango ipo. Desemba 2021, Dodoma, ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya miaka mitano, 2021/22 hadi 2025/26. Nimeisoma yote, mstaafu ana muda. Inataja afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Hakuna neno humo la kupinga. Fedha nazo si hadithi. Tangu marekebisho ya sheria ya madini ya 2017, mwenye leseni ya mgodi anatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa kurudisha kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Mabilioni yamepita Geita kwa njia hiyo, yakawa madarasa, barabara, na vitu vingine vinavyokatwa utepe vizuri.

Ninachokuomba hakina utepe mzuri, na ndiyo sababu nimekuwa na haya kukitaja. Naomba banda. Bati ishirini, kuta za mabanzi, kivuli, maji, mikeka, umbali wa kunyonyesha kutoka kila mwalo mkubwa, na wanawake wawili wanaolipwa kila mwezi kukaa na watoto wadogo kuanzia saa moja hadi saa kumi. Ningependa mmoja wao awe bibi. Mtu kikongwe mwenye mshahara wa serikali, naamini, macho yake hayatazungumzwa. Halafu chombo kile cha kufunika moto kinachonasa mvuke wa zebaki, kiwekwe hapohapo mwaloni, mtu achomee huko badala ya jikoni kwake. Na muuguzi wa kliniki akimpima mtoto uzito, amuulize mama maswali mawili zaidi: unalala? Nani anakaa naye? Hilo la mwisho ni bure.

Nikikukosea popote, chukulia ni uzee.

Ukipata nafasi, karibu tena, bila turubai. Njoo saa kumi jioni. Jirani yangu, mchimbaji wa zamani ambaye kifua chake sasa hakimruhusu duara, ana bao la mti wa mkongo, na ndipo Mabula anaposhinda tangu fimbo ile. Mzee hamwambii neno. Anamngoja tu, akitoka kufuata kuku anarudi anakuta kete ziko alivyoziacha. Juzi nilihesabu dakika thelathini na sita, mara mbili ya zile ulizokaa kwetu. Atataka kucheza nawe. Ataanza yeye bila kuuliza zamu ni ya nani, na atakukatiza ukiwa unafikiri. Naomba umvumilie.

Ni mimi, mtiifu wako,

Mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza,
Kahama.

Nakala: Mama Mabula, mwaloni. Atasomewa jioni akirudi.